Komanda Aliyemtafuta Mwanawe Ndani ya Mashine

Katika mwaka wa mwisho wa atelye yetu, ile karakana ya mashine za kufundishia, Komanda alikuwa akija kila asubuhi kumtafuta mwanawe ndani ya mashine. Aliegemeza baiskeli ukutani, akasema "Jambo yenu," akaingia katika kile kichwa cha ndege kisicho na mabawa wala mkia, na kujifungia. Sisi tulibaki nje tukisikiliza injini za bandia zikinguruma. Baada ya muda zilinyamaza ghafla, tukajua amegonga mlima tena. Kisha zilianza upya.

Watu wa mtaa wa Panda waliopata habari hizi walisema mzee amechanganyikiwa. Walisema kwa huruma, lakini walisema. Mimi nilifanya kazi naye miaka mingi, na sipendi neno hilo libaki peke yake juu ya mtu kama yule. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo ndugu zake watayasimulia. Mimi nitasema niliyoyaona.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Patroni, mhandisi aliyesomea ng'ambo akarudi mjini kwetu Likasi, alikodi jengo moja refu la mabati huko Panda, karibu na kambi za zamani za wafanyakazi wa shaba, na humo tukawa tunaunda mashine za kufundishia. Sisi tuliziita simulatere. Mtu anakaa kwenye kiti cha rubani, skrini zinamzunguka, kiti kinayumba na kutikisika, naye anajifunza kurusha ndege bila kuondoka ardhini. Hiyo ilikuwa upande mmoja wa jengo. Upande wa pili kulikuwa na kibanda cha lori la jeshi, ambamo askari walijifunza kuendesha gari katika msafara unaoshambuliwa. Patroni na mafundi wake walishughulika na vyuma na umeme. Mimi nilitengeneza dunia: milima, mito, barabara na viwanja vya ndege vinavyoonekana kwenye skrini. Kabla ya hapo nilikuwa mchoraji wa ramani za mashimo ya madini, kwa hiyo ardhi nilikuwa nimeizoea.

Komanda alikuwa rubani aliyekwisha kustaafu. Kazi yake ilikuwa kuniambia kama dunia yangu inasema kweli, na kisha kufundisha watu ndani yake.

Aliniita Madame Milima. Nilipomaliza kuchora Likasi kwa mara ya kwanza, nikiwa na majivuno kidogo, aliingia, akaruka juu ya mji, akatua, akatoka akiwa amekunja uso.

"Madame Milima, hii Likasi yako ni safi sana. Minye nikirudiaka huku, kwanza naona moshi na vumbi, kisha naona mji. Tia moshi."

Nikatia moshi. Akaruka tena. Alipotoka alikuwa anatabasamu. "Bon. Sasa nimefika kwetu."

Sheria yake kubwa ilikuwa ya chai. Mwanafunzi aliyekufa ndani ya mashine, yaani aliyegonga mlima au kuangusha ndege, alitoka na kwenda moja kwa moja nyuma ya jengo, akawasha mbabula, jiko letu la makaa, akawachemshia watu wote chai. "Unakufa, unachemusha," Komanda alisema, na haikujali wewe ni nani. Kijana mmoja alikuja kutoka Lubumbashi, miwani ya jua usoni, saa kubwa mkononi, akachemsha chai hadi sukari ya atelye ikaisha. Wakati wa kunywa ndipo Komanda alipomweleza mtu makosa yake, moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti hata kidogo. Hakuruka kosa. Hakusema "si neno" pale palipokuwa na neno. Wengi walitoka pale wakimchukia. Lakini sikumsikia hata mmoja akisema kwamba ameonewa.

Umeme ulipokatika, na Likasi umeme unakatika, wanafunzi walifurahi wakidhani wamepata mapumziko. Yeye aliwaacha palepale ndani, gizani, akasimama mlangoni na kuwauliza: mkono wako wa kulia uko wapi? Uko juu ya nini? Sasa uupeleke kwenye kishikio cha mafuta. Umefika? Umegusa nini? Wengine walitoka wamelowa jasho kuliko wakati mashine ilipokuwa inafanya kazi.

Na mtu huyu aliyeijua hewa hivyo hakuweza kuendesha baiskeli. Alitoka kwake Kikula hadi Panda akiyumba barabara nzima, mgongo umenyooka, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni, na madereva wa taksi-bisi walimpigia honi na kumcheka kwa jina. Alisimama kwenye kila njia panda, hata pasipo na mtu wala kuku. Mara moja nilimwambia apande taksi kama wengine. Akanijibu kwamba ndani ya taksi hajui dereva amelala au hajalala, na hawezi kumwambia atoke akachemshe chai.

Asidhaniwe kuwa alikuwa mkali tu. Siku moja kilikuja kikundi cha askari kwenye kibanda cha lori. Kati yao alikuwamo mmoja, mtu mzima, aliyerudi karibuni kutoka mstari wa mbele. Alikaa kwenye usukani, akaendesha vizuri. Ule mlipuko wa kwanza ulipolia, ambao ni sauti tu ya spika, alifungua mlango, akatoka, akatapika kwenye sakafu yetu. Wenzake wakaangua kicheko.

Komanda hakuwa mwalimu wa upande ule, lakini alivuka jengo. Alimshika yule askari mkono, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akafungua chakula alichofungiwa na mkewe, ugali wa bukari na mboga ya lenga-lenga, akampa. Kisha akawageukia waliokuwa wanacheka.

"Huyu anajua kwenye munaenda," aliwaambia. "Siku mutarudia kutoka kule, kama mutarudia, mutakuja kuniambia kama ile ilikuwa ya kucheka."

Na alasiri ile chai aliichemsha yeye mwenyewe.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alisema rubani mwoga ndiye rubani mzuri, lakini yeye alikasirika mtu akimwita mwoga. Mkewe, Mama Serge, alikuwa mwimbaji katika kanisa la kipentekoste huko Kikula, na kila Jumapili Komanda alimsindikiza hadi mlangoni, akambebea mkoba na Biblia, kisha akabaki nje kwa saa zote za ibada akiongea na wauza maandazi. Hakupenda wachungaji. Alisema wanatoa ahadi wakiwa chini, na wanaokwenda juu ni watu wengine. Lakini hakukosa Jumapili hata moja.

Jambo lililomshinda kabisa lilikuwa mwanawe.

Serge alikuwa kijana mrefu, mchangamfu, mwenye kicheko cha mama yake. Alitaka kuwa rubani tangu alipoweza kusema, na baba yake hakumkataza. Alimleta kwetu akamfundisha. Lakini yale mengine yote aliyoyasamehe kwa watu, kwa Serge hakusamehe. Mwanafunzi mwingine akitua kwa shida, aliambiwa ajaribu tena kesho. Serge akitua kwa shida, alichemsha chai kama amekufa. Mafundi walimwonea huruma wakawa wanamsaidia kupepea makaa.

Kulikuwa na zoezi moja la bonde jembamba, milima pande zote mbili, na wingu linaloweza kushuka wakati wowote. Komanda alitaka rubani apite ubavuni mwa bonde, karibu na mlima mmoja, asipite katikati. Sababu yake ni rahisi: wingu likifunga mbele, aliye pembeni ana upana wote wa bonde wa kugeukia, aliye katikati ana nusu tu, na nusu haitoshi. Lakini kupita karibu na mlima kunatisha, na vijana wote walivutwa kwenda katikati.

Siku moja Serge alipita, akatua taratibu mno, gurudumu lisisikike. Sisi wote tukapiga makofi. Alitoka akicheka, akamtazama baba yake.

"Umetua," Komanda alisema. "Lakini mu bonde ulipita katikati."

"Papa, nimetua."

"Umetua ju ya bahati, hakukuwa wingu."

Kicheko cha Serge kikaisha. "Sasa nifanye je, ili siku moja useme ndiyo?"

"Utatua bila bahati. Pale njo nitasema ndiyo."

Serge alivua vile visikilizio vya masikioni, akaviweka juu ya kiti polepole, kama mtu anayeogopa kuvivunja. "Kwako ile siku haitafika," alisema, na akaondoka. Nyuma ya jengo mbabula ilibaki baridi. Komanda alisimama muda mrefu akiutazama mlango, na sisi tukajifanya tuna kazi.

Serge alimalizia masomo mahali pengine, mbali, akapata kazi kwenye kampuni ndogo ya ndege ya kubeba mizigo huko mashariki, penye milima. Hakugombana na baba yake tena. Waliacha tu kuongea. Alimtumia mama yake video alizopiga kwa simu kupitia dirisha la ndege, kijani kitupu na mawingu, na sauti yake ikisema: "Mama, angalia biro yangu, ofisi yangu!" Mama Serge alituonyesha mara nyingi. Aliniambia kwamba Komanda huja nyuma ya kiti chake akaangalia juu ya bega lake, kisha akasema, "Muambie apite pembeni."

"Muambie mwenyewe," mama alimjibu. "Namba unayo."

Hakumpigia. Alikuwa anangoja mtoto aanze.

Msimu wa mvua ulipokolea, simu ilikuja. Ndege ya Serge ilikuwa na mizigo, yeye na rubani mwenzake tu ndani. Kwenye redio alisema wingu limefunga mbele na kwamba anageuka. Hakusema anageukia wapi. Baada ya hapo hakusikika. Watu walitafuta, lakini msitu ule ni mzito, mawingu hayakuinuka, na eneo lenyewe halikuwa salama. Mwishoni waliacha. Hakikupatikana kipande cha bati, wala kiatu, wala mtu.

Komanda hakulia. Alikuja kazini. Alisimama mbele ya meza yangu na shati lake jeupe limefungwa hadi shingoni.

"Madame Milima, unijengee ile bonde."

"Bonde gani, Papa Komanda?"

"Kwenye Serge alipitaka."

Nilimtazama Patroni, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Patroni hakuwa na sura ya mtu anayeweza kukataa. "Mufanyie," alisema, akarudi ndani.

Nikalijenga. Nilikuwa na ramani, picha zilizopigwa kutoka angani, na zile video za simu. Mama Serge aliniletea simu mwenyewe, imefungwa katika kipande cha kitenge. "Fanya mbio unirudishie," aliniambia. "Sauti yake iko mule." Nilikaa na ile simu nikifuata mstari wa kila kilima, na kila mara Serge alicheka masikioni mwangu. Kwenye video moja kidole chake kinaonekana kwenye kioo, kinaonyesha maporomoko ya maji yanayoshuka upande wa kushoto. Nikayaweka yale maji mahali pake. Komanda alipoingia kwa mara ya kwanza na kutoka, jambo pekee alilosema lilikuwa, "Maji umeweka. Aksanti."

Tangu siku hiyo hakufanya jambo jingine. Aligeukia kulia, akagonga. Aligeukia kushoto, akagonga. Alijaribu kupanda juu ya wingu, na ndege ilikuwa nzito, haikuweza. Alipunguza mzigo, akaongeza upepo, akabadilisha saa ya siku. Injini zilinguruma, zikanyamaza, zikaanza tena. Hakwenda nyuma ya jengo kuwasha moto, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumkumbusha sheria yake ya chai. Fundi wa umeme alimpelekea kikombe, akakiweka kwenye ngazi ya kibanda. Kilipoa palepale.

Kisha tukasikia jambo ambalo hatukuamini. Komanda alikuwa anaingia kanisani. Mchungaji wa Mama Serge alikuwa amesema mbele ya watu kwamba ameona kijana anatembea msituni akiegemea fimbo, na wenyeji wanamlisha. Yule mzee wa kukaa nje na wauza maandazi sasa aliketi kwenye benchi la mbele, akafunga, akakesha, akanyoosha mikono. Na Mama Serge, aliyeimba mle miaka yote, aliacha kwenda. Alibaki nyumbani Jumapili akifagia ua.

"Kama alitoka muzima," Komanda alinieleza, "basi kuko nafasi ndege ilipita. Haiwezekani apite na nafasi haiko. Njo ile natafuta." Alisema hivyo kwa utulivu, kama vile alivyokuwa akimweleza mwanafunzi habari za upepo. Kola ya shati ilikuwa imempwaya shingoni. Alikuwa hanyoi ndevu vizuri, zilibaki mabaka mabaka. Wanafunzi waliokuja walimkuta ndani ya mashine, wakangoja, wakaenda zao. Mwishoni hata wachache waliokuwa wamebaki waliacha kuja, na Patroni hakumwambia neno. Kampuni ilikuwa inakufa na sisi sote tuliiona inakufa, lakini nani angekwenda kugonga ule mlango na kumwambia baba wa mtu atoke kwa sababu kuna mteja?

Aliyegonga ni mkewe. Ilikuwa saa sita mchana, amekuja kwa miguu kutoka Kikula na bakuli la chakula kichwani. Alisimama akisikiliza injini, kisha akagonga kwa kiganja. Mlango ukafunguliwa kidogo.

"Papa Serge, toka ukule."

"Bado."

"Minye nataka kumulilia mutoto yangu."

"Serge hajakufa."

"Sikukuuliza kama amekufa. Nimesema nataka kumulilia. Sina nguvu ya kungoja tena."

Sikumwona Komanda usoni, nilikuwa nyuma ya mama. Nilisikia tu akisema, "Mama, pardo, unipe muda kidogo." Mlango ukafungwa. Mama Serge aliliweka bakuli kwenye ngazi, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akatuaga mmoja mmoja kwa heshima, akarudi alikotoka.

Siku chache baadaye injini hazikunyamaza.

Nilikuwa kwenye meza yangu. Kwenye skrini yangu ndogo niliweza kuifuata ndege yake. Wingu lilifunga, akageukia kushoto, akapita nyuma ya yale maporomoko ya maji karibu mno na mwamba, na pale ambapo kila siku alikuwa anagonga, akainamisha ubawa na kuingia kwenye upenyo kati ya vilele viwili. Ukungu ukafunguka. Mbele yake palikuwa na tambarare na mwanga. Aliendelea kuruka moja kwa moja, hana anakokwenda, juu ya nchi tambarare niliyokuwa nimeichora kwa haraka, isiyo na nyumba wala barabara. Halafu akazima.

Alitoka akaketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa chuma wa mashine. Ndipo alipolia. Alilia kwa mdomo wazi, mikono imelala mapajani, hajifuti.

"Kuko njia," alisema. "Kumbe kuko njia. Kushoto, nyuma ya maji. Muntu akiijua, anapita. Yee hakuijua. Ningemuonyesha, Madame Milima. Ningemupigia simu, tungeongea, angeniambia Papa bonde iko hivi na hivi, tungetafuta pamoja. Lakini minye nilikuwa nangojea aniombe pardo."

Fundi wa umeme alitoka nje. Mimi nilipiga magoti karibu naye.

Akanishika mkono. "Nitapigia ile kampuni yake. Leo. Ba rubani bengine bajue. Wingu ikifunga, bapite kushoto, nyuma ya maji. Serge asikufe bure."

Hapo ndipo nilipokumbuka jinsi nilivyolijenga lile bonde. Zile takwimu za urefu wa ardhi tunazotumia zina matundu, hasa kwenye milima mikali, mahali ambapo chombo cha angani hakikuona chini. Nyuma ya yale maji palikuwa na tundu. Hakuna ramani iliyopaonyesha vizuri, na simu ya Serge haikupageukia hata mara moja. Nililiziba kama tunavyoziba siku zote, kwa kuunganisha kingo za huku na kingo za kule. Ule upenyo ulitoka hapo.

"Papa Komanda," nilisema, "ile nafasi minye sikuiona."

"Namna gani?"

"Hakuna picha yake. Nilikisia. Niliunganisha tu milima ya huku na ya kule."

Aliniachia mkono. "Unasema njia haiko?"

"Nasema sijui. Inaweza kuwa iko. Inaweza kuwa ni mwamba mutupu."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, na sitamani tena. "Ungeninyamazia," alisema.

"Ungewaambia watu wapite pale, Papa."

Alijua ninasema nini; maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu mambo ya namna hiyo wakinywa chai. Aliinuka akishikilia chuma, akapangusa suruali, akatoka. Tulimwona barabarani akiisukuma baiskeli bila kuipanda. Hakuingia tena katika kile kibanda, na ile kampuni ya ndege hakuipigia.

Patroni hakuweza kuendelea. Mashine ziliuzwa, kichwa cha ndege kikapakiwa kwenye lori kuelekea Kambove, wakakigeuze kiwe cha kufundishia madereva wa malori ya mgodini. Mimi nilirudi kwenye ramani za mashimo. Mvua zilikuja zikaisha, zikaja nyingine. Habari za Komanda nilizipata kidogo kidogo: kwamba ameacha kanisa, kwamba haongei, kwamba anakaa uani mchana kutwa ameelekea ukuta. Nilikwenda kumsalimia mara moja, akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za mama yangu, kisha akarudisha macho ukutani.

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akiimba na Mama Serge alinipigia simu. Alisema Jumamosi Mama Serge anaanza kilio cha mwanawe, mwili uwe umepatikana au haujapatikana.

Nilikwenda Kikula mapema. Kabla sijafika nyumbani kwao niliona watu wamesimama ng'ambo ya barabara, wanawake wamejifunga vitenge, vijana wamebeba viti vya plastiki vichwani. Hawaingii, hawaondoki. Langoni alikuwa amesimama Komanda. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia, na mkono wake mmoja uliushika mlango wa bati kama vile upepo unataka kuung'oa.

"Hakuna kilio hapa," alikuwa akiwaambia watu. "Balibadanganya. Murudie kwenu, pardo. Hakuna muntu amekufa."

Hakuna aliyetaka kubishana naye. Walimfahamu wote.

Nilivuka barabara.

"Na weye?" aliniuliza.

"Na minye, Papa."

"Weye uliniambia hujui."

"Ndiyo."

"Leo unajua?"

"Hapana. Lakini Mama iko peke yake mule ndani."

Na kutoka ndani ya ua sauti ya Mama Serge ikapanda. Alikuwa ameanza. Hakumwita kwa jina la Serge. Alimwita Sese, jina la alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Aliita, akanyamaza. Kwetu anayelia huitikiwa. Mmoja anainua, wengine wanapokea, ndivyo mtu anavyopata pumzi ya kuendelea. Pale hapakuwa na wa kupokea. Aliita tena, sauti ikamkwama, akakohoa, akaanza upya toka mwanzo. Ng'ambo ya barabara wanawake waliweka mikono midomoni.

Komanda alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliposikia ile sauti inakwama mara nyingine, aliuinua ule mlango wa bati, kwa maana ulikuwa unakwaruza chini, akaufungua wote hadi ukagusa ukuta.

"Muingie," aliwaambia watu. "Asilie peke yake."

Waliingia kimya, viti vikigongana. Mimi nilingoja, nikamwambia, "Tuingie, Papa." Akasema nipite kwanza. Nikapita, nikaketi na wanawake. Mama Serge alikuwa kwenye mkeka, na kilio sasa kilikuwa na wapokeaji, kikainuka juu ya paa.

Komanda alikuja wa mwisho. Alisimama kando ya mkeka, hajui pa kuweka mikono. Mama Serge, bila kumtazama na bila kukatiza, alisogea kidogo. Mzee alishuka taratibu, goti moja kisha la pili, akaketi mahali alipoachiwa. Kisha mama aliposhuka kuvuta pumzi, yeye akaliita lile jina, Sese, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita mtoto aliye nje aje kula.

Sisi tukapokea.